Tulishona mifarishi 31 ya viraka hapa Tanga, 12 ikarudishwa. Uzi wa yaliyotukuta

Bi Kidawa wa Ngamiani (mwenye uzi)

Wanajamvi, asalaam alaykum, na wengine habari za jioni.

Miaka nasoma humu kimyakimya. Leo nimeona nifungue mdomo, maana kuna kazi imetukalisha barazani tangu masika na kila apitaye anatuuliza, "Nyie kina mama mnashona nini mbona hakiishi?" Tunashona mifarishi. Kwa asiyelijua neno, mfarishi ni lile shuka nene la tabaka tatu: juu viraka, katikati kitu cha joto, chini kitambaa kizima, vyote vikashikwa pamoja kwa mishono. Vijana wanasema blanketi la viraka. Mamangu alisema mfarishi, nami sioni sababu ya kumsahihisha.

Tulianza wanne, sasa tuko kumi na mmoja. Vyerehani vitatu: Singer mbili za kukanyaga na Butterfly moja ambayo mkanda wake ukilegea kazi yote inasimama hadi mjukuu wa mwenye nyumba atoke madrasa aubane. Malighafi ni mabaki. Ukipita kwa mafundi wa Ngamiani jioni, chini ya kila cherehani kuna fungu la vipande vya vitenge, khanga, sare za shule na magauni ya harusi za watu, vinangoja ufagio na kiberiti. Tukawa tunaomba. Fundi mmoja anakupa gunia zima na soda juu, mwingine anakupa vipande na maneno.

Lengo tulilisema siku ya kwanza: hakiuzwi kitu, vyote ni sadaka. Hapo ndipo tulipokosea bila kujua, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza kipimo, maana kuna wenzangu humu watataka kujaribu. Upande mmoja wa khanga ni kama inchi 60 kwa 43. Tukaamua mfarishi usizidi khanga, ili mgongo uwe khanga moja nzima isiyo na kiungo. Kipande tukakata inchi 7 kwa 7, mshono unakula nusu inchi kila upande, kinabaki 6. Saba kwa upana, kumi kwa urefu, jumla vipande 70. Upana 42, urefu 60. Kwenye karatasi hesabu tamu kabisa.

Lakini khanga mpya ina wanga, na ikiingia majini inarudi. Sisi tukashona kwanza, tukafua baadaye. Mfarishi wa kwanza ulipotoka kwenye beseni mgongo ulikuwa umerudi, na vile viraka vya nguo kuukuu zilizokwisha fuliwa miaka havikurudi hata nywele moja. Ukatuna katikati kama andazi. Na wekundu wa kile kipande cha kisutu, ile khanga ya maharusi, ukatembea kwenye kila cheupe kilichokuwa karibu yake. Somo yangu aliutazama pale kambani akasema, "Huu umeolewa." Tulicheka, lakini ilikuwa kazi ya siku nne.

Tangu hapo hakuna kitambaa kinachoguswa na mkasi kabla hakijafuliwa mara mbili na kupigwa pasi. Chekundu kinafuliwa peke yake hadi maji yatoke meupe. Mgongo ukipungua upana tunaongeza ukanda wa kaniki pembeni, na kwa kweli ule weusi umependezesha kuliko tulivyopanga.

Sasa ile 12 iliyorudishwa. Tulishona midogo, ya watoto wachanga, mizuri mno. Tukajaza sufi tuliyochambua wenyewe, mikono ikawasha wiki nzima. Tukaipeleka hospitali moja, siitaji. Tukapokewa vizuri, tukapiga picha, tukarudi tumevimba vichwa. Wiki tatu baadaye nikapigiwa simu, kwa adabu zote: mama, njooni mchukue vitu vyenu. Nikaikuta stoo, kwenye gunia lile lile, fundo nililofunga mimi halijafunguliwa. Ndio masika yenyewe, na gunia lilikuwa la nailoni. Nilipolifungua harufu ya ukungu ilinipiga usoni.

Njia nzima nikirudi nyumbani nilikuwa nasema tumedharauliwa. Nikasema barazani, nikasema na kwa jirani. Kisha mdogo wetu kabisa, binti wa miaka kumi na tisa ambaye kazi yake ilikuwa kutunga uzi kwenye sindano za wazee, akauliza, "Kwani tuliwauliza wanataka nini?"

Kimya. Hakuna aliyeuliza. Tulishona tulichopenda sisi kushona.

Awamu ya pili tukaenda na mfarishi mmoja wa mfano, mikono mingine mitupu. Ni kituo kimoja cha wazee huko milimani, upande wa Lushoto. Tukawaambia shikeni, vuteni, semeni. Mzee mmoja akaunusa. Mwingine akaupima uzito kwa mkono mmoja kama anapima samaki. Bibi mmoja akauliza swali ambalo sisi wa pwani lisingetujia: "Utakauka siku moja?" Kule kipupwe kikiingia na ukungu ukashuka, kitu kinene kinakaa kambani siku mbili na bado kibichi. Na mzee ana mfarishi mmoja tu. Siku unapofuliwa anajifunika nini?

Jambo jingine ambalo hatukuliwazia ni maneno ya khanga. Mgongo wa ule mfano uliandikwa HASIDI HANA SABABU. Bibi wa kitanda cha dirishani anajua kusoma. Akasoma kwa sauti, polepole, kisha akamgeukia wa kitanda cha pili, ambaye nilikuja kuambiwa hawajasemeshana tangu Ramadhani, akamwambia, "Umesikia lakini?" Muuguzi akaja kutuliza. Tangu siku hiyo maneno ya khanga tunayasoma kabla ya kushona.

Hiyo 12 midogo tukaifumua, tukatoa sufi yote, tukaiunganisha miwili miwili ikawa sita. Na mikubwa 19 iko tayari. Jumla 25 inangoja kupanda mlima.

Naomba mawazo kwa mambo mawili. Moja, katikati tuweke nini chenye joto na kinachokauka haraka? Pili, nani ana uzoefu wa kupandisha mizigo Lushoto? Na kama una vipande, vifue kwanza, halafu niambie.

---

Kijana wa Makorora

Bi mkubwa shikamoo. Uzi mzuri lakini bila picha uzi huu ni batili 😅

---

Bi Kidawa wa Ngamiani

Marahaba mwanangu. Za mifarishi nitaweka mjukuu akinionyesha jinsi. Za wazee siweki. Hakuna aliyeniomba aonekane amelala.

---

Mpenda Hesabu

Bi mkubwa, bila kukuvunjia heshima. Watu kumi na mmoja, miezi minne, mifarishi 31. Hao watu kumi na mmoja wangechanga kidogo kidogo kila wiki kama kikoba wangenunua mablanketi mapya ya dukani mengi zaidi ya hayo, mepesi, yanakauka kwa saa mbili. Wazee wangefunikwa tangu Mei. Mimi naona kushona ni kwa ajili ya mshonaji.

---

Fatuma wa Mabawa

@Mpenda Hesabu wewe umeshawahi kukaa na watu kumi na mmoja sehemu moja miezi minne mkabaki mnapendana?

---

Mpenda Hesabu

Hapana, na sijajibiwa.

---

Bi Kidawa wa Ngamiani

Utajibiwa, na sehemu ya jibu ni kwamba umesema kweli.

Kama shida ni baridi peke yake, nenda dukani. Mwezi wa sita mzee anatetemeka, wewe unamwambia asubiri nimalizie pindo? Lakini tulipouliza safari ile, walituambia wana mablanketi ya msaada, mengi tu. Ila yote ni ya kijivu, yanafanana, yakitoka kufuliwa hakuna ajuaye lake, na ugomvi wao mkubwa pale ni huo. "Hili silo langu, langu halikuwa na tundu." Walichotaka ni kitu ambacho mtu akikiona kambani anasema kile changu. Mfarishi wa viraka haufanani na mwenzake hata ukitaka ufanane.

Na kweli sehemu ni kwa ajili yetu. Wawili katika sisi walifiwa na waume mwaka huu huu. Mmoja alikuwa hatoki nyumbani. Sasa anatoka, anakuja kutugombeza kwamba hatunyooshi mshono. Sitamwambia anunue blanketi.

---

Sista wa Zamu ya Usiku

Habari zenu. Mimi ni muuguzi, si hospitali anayoisema Bi Kidawa, ila ningekuwa pale ningemrudishia vile vile, na naomba nieleze ili watu wasione tuna roho mbaya.

Kwanza, mtoto mchanga halazwi na kitu kizito wala laini cha kujaa: mfarishi, mto, mdoli, vyote. Kinaweza kumfunika uso na yeye hana nguvu ya kukitoa. Ushauri wa madaktari wa watoto ni kuepuka mifarishi na matandiko ya namna hiyo anapolala katika mwaka wote wa kwanza. Pili, kinachoingia wodi ya wachanga lazima kistahimili maji ya moto na dawa, tena mara nyingi. Sufi haistahimili hata beseni moja.

Tatu, kichanga njiti (yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37) hatumpi joto kwa blanketi. Tunamweka kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, ndiyo ile tunaita huduma ya kangaruu. Ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, daktari Edgar Rey aliianzisha kwa sababu mashine za joto hazikutosha, watoto wanalazwa wawili watatu pamoja. Mama ndiye mashine. Kinachohitajika hapo ni kitambaa cha kumfunga mtoto kifuani, kofia ya kichwa na soksi. Khanga tu! Khanga safi, nyepesi, isiyoshonwa na chochote.

Kwa hiyo mama zangu, mkitaka kusaidia wodi ya wachanga, kabla ya kukata hata kipande kimoja nendeni kwa muuguzi mkuu wa wodi, muulizeni. Atawaambia, pengine kofia ishirini za pamba, na mtazimaliza kwa Jumamosi mbili.

Na poleni kwa lile gunia. Hapo naona aibu kwa niaba ya wenzangu. Mngeambiwa siku ile ile.

---

Bi Kidawa wa Ngamiani

Sista, ahsante. Laiti ningelisikia haya mwezi wa tatu. Ila nisingelisikia, nilikuwa nimeshaamua.

---

Fundi Barabara ya 8

Mimi ni mmoja wa wale wanaotoa gunia (bila maneno, Bi Kidawa ni shahidi).

Kuhusu kujaza. Sufi iacheni kwenye mito ya kochi. Sufi haipendi maji, zamani ndiyo iliyokuwa ikijazwa kwenye maboya ya kuokolea watu baharini kwa sababu inaelea. Kwenye mto ni tamu, kwenye kitu cha kufuliwa inakusanyika mabonge mabonge, hamjakaa sawa, upande mmoja una mabonge na mwingine hauna kitu.

Pamba ya kujazia magodoro nayo ni nzito, na ikilowa usiseme.

Mimi ningetumia nguo za mitumba za manyoya, yale masweta laini ya kitambaa cha manyoyamanyoya (fleece) ambayo pwani hayanunuliki. Kwenye belo la watoto huwa yamejaa, wauzaji wanayatupa kwa bei ya kuondolea uchafu. Ondoa zipu na ulasitiki, kata mikono, tandaza bapa, unganisha ubavu kwa ubavu bila kupandishana, maana ukipandisha inakuwa kilima. Ni mepesi, yana joto, yanakauka haraka kuliko pamba. Bi wa Lushoto atafurahi.

Halafu kabla hamjapeleka mashineni pigeni bandi kwa mkono, mishono mirefu, kila shibiri moja, tabaka zote tatu. Watu wanaruka hapa kwa uvivu ndio maana kitu kinatoka kimepinda. Anza katikati uende pembeni, ukianza pembeni hewa na makunyanzi vyote vinakusanyika katikati. Sindano namba 16, msiniletee 14 kwenye tabaka tatu. Legezeni mguu wa mashine, na mshono uwe mrefu. Mkifika kwenye viungo vinne vinapokutana msikanyage, zungusheni gurudumu kwa mkono. Sindano ngapi zimekatika hapo hadi sasa?

---

Bi Kidawa wa Ngamiani

Kumi na saba. Moja ncha yake ilipotea. Tulipapasa ule mfarishi kutwa nzima, tukapitisha sumaku ya spika kuukuu, tukaipata kwenye kona. Tangu siku hiyo sumaku inapita kwenye kila mfarishi kabla ya kukunjwa.

---

Fundi Barabara ya 8

Hiyo ya sumaku nimeiba.

---

Mzee wa Raskazone

Nawasoma kwa furaha. Niongeze la historia kidogo, vijana wavumilie.

Watu wanaona viraka ni umaskini, lakini hii khanga yenyewe kizazi chake ni viraka. Karne ya kumi na tisa, wanawake wa pwani hii walikuwa wakinunua vitambaa vya leso vya kuchapwa vikiwa bado jora, havijakatwa kimoja kimoja. Wakikata leso sita, wanazishona tatu juu tatu chini, wanapata nguo moja pana ya kujifunga. Ndiyo maana hadi leo Mombasa khanga inaitwa leso. Wenye maduka walipoona biashara inaelekea huko, wakaagiza nguo nzima iliyokwisha chapwa kwa mtindo huo, yenye pindo na mji, yaani ile sehemu ya katikati. Maneno ya chini yalikuja baadaye, mwanzoni mwa karne ya ishirini, na anayetajwa sana ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, yule wa chapa ya "Mali ya Abdulla". Hapo mwanzo maneno yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Kwa hiyo Bi Kidawa anapokata khanga vipande na kuviunganisha anairudisha alikotoka mama yake.

Na majirani zetu Wahindi hapa mjini, bibi zao walikuwa na zao, wenyewe wanaita godadi. Sari kuukuu tabaka juu ya tabaka, zikashonwa kwa mkono. Utotoni nimelala juu ya moja, kwa rafiki yangu wa Barabara ya 3. Ilikuwa na harufu ya karafuu na mafuta ya nazi.

---

Mtanga Ughaibuni

Mzee wa Raskazone umenigusa. Kuna ndugu zetu ambao pengine wengi humu hawajawasikia: Wasidi wa Karnataka, India. Ni watu wa asili ya Afrika, wazee wao walivushwa bahari, wengi kama watumwa, sehemu yao kupitia Goa enzi za Wareno. Wanawake wao wanashona mifarishi ya nguo kuukuu inayoitwa kawandi. Fundi atashangaa: wao wanaanzia *pembeni*, kwenye kona, wanazunguka kwa mshono wa mkono kuelekea katikati hadi kiraka cha mwisho. Kona nne wanapachika vitambaa vilivyokunjwa pembe, wanaviita phula, yaani maua. Usipoweka maua haujakamilika.

Huku Marekani nimeona mfarishi mwingine wa aina yake, wa kuwakumbuka waliofariki kwa ukimwi. Kila marehemu kipande chake cha futi 3 kwa 6, ukubwa wa kaburi, kimeshonwa na ndugu au rafiki. Ulitandazwa Washington mara ya kwanza Oktoba 1987 ukiwa na vipande 1,920. Sasa ni karibu 50,000. Mimi nilisimama mbele ya kipande chenye suruali ya jinzi ya mtu, imeshonwa nzima nzima, hata mifuko. Nikaondoka, sikuweza kuendelea.

---

Fundi Barabara ya 8

Kuanzia pembeni wanaweza kwa sababu ni mkono. Mkono unasikia kitambaa, mashine haisikii. Ila hayo maua ya kona nayataka.

---

Binti Pangani

Naomba kuuliza na msinirushie mawe. Hivi vipande, vingine si nguo za marehemu? Kwetu nguo za maiti zinatolewa sadaka, sawa, hilo ni jambo la kawaida. Lakini anayepewa anajua? Mimi bibi yangu angejua amelala na gauni la mtu aliyekufa asingefumba jicho.

---

Bi Kidawa wa Ngamiani

Swali zuri, wala hakuna wa kukurushia jiwe. Tuliligombania hilo siku mbili.

Tuliamua hivi: nguo ya marehemu inaingia pale tu mwenye nayo akitaka, na anayepewa anaambiwa. Kule mlimani niliwaambia wote wamekaa. Mzee mmoja akanijibu, "Mama, mimi mwenyewe niko foleni. Nguo ya aliyetangulia itanitisha nini?" Wengine wawili walisema hawataki, tukaweka alama, mifarishi yao haina.

Na kuna aliyetushinda. Mwenzetu mmoja alileta doti ya mamake, khanga ya zambarau, imefuliwa hadi imekuwa laini kama karatasi ya tende. Akaiweka mezani akasema kateni. Fundi wetu akaipiga chaki, mistari yote saba, akashika mkasi. Yule mama akasema ngoja. Akaichukua, akaikunja, akakaa nayo mapajani hadi magharibi. Wiki iliyofuata akaja nayo tena. Ngoja. Ile chaki hadi leo haijafutwa na khanga haijakatwa. Hatumwambii kitu, tunamwekea kiti.

---

Mwana Lushoto

Bi Kidawa karibu sana kwetu. Kwa mzigo: pakieni kwenye mabasi ya moja kwa moja Tanga hadi Lushoto, msishushe Mombo kupandia Noah, mtalipa mara mbili na gunia litawekwa juu ya keria likutane na ukungu wa milimani. Kutoka Mombo ni kona tupu, anayetapika asikae karibu na mzigo.

Njooni kabla ya Agosti. Juni na Julai ndiyo baridi yenyewe, huku unaamka unatoa moshi mdomoni, ndugu zetu wa Tanga wanadhani tunawatania. Na msitumie nailoni! Magunia ya mkonge au mashuka. Sisi mkoa wa mkonge tunafungia vitu kwenye nailoni, jamani.

---

Mpenda Hesabu

Hilo la mablanketi ya kijivu kufanana sikuwa nimeliwazia. Nina mabelo mawili ya mitumba ya watoto hapa Mgandini, ya manyoya yapo. Njoo inboksi tupange. Bado nasema mngeanza na blanketi.

---

Bi Kidawa wa Ngamiani

Nakuja. Na andaa zipu zako, tunakuachia uzing'oe mwenyewe.

---

Bi Kidawa wa Ngamiani (mrejesho)

Wanajamvi, tumerudi jana usiku, mgongo wangu si wangu.

Mifarishi 25 imefika mikavu, kwenye magunia ya mkonge. Sita tuliibadilisha vijazio kabla ya safari kama Fundi alivyoagiza, masweta ya @Mpenda Hesabu. Tofauti unaisikia ukiushika tu. Mingine ilikwisha kushonwa, ina mablanketi kuukuu ndani, tutaona itakavyokauka. Muuguzi wa pale amekubali kunipigia simu baada ya kufua mara ya tatu aniambie ukweli.

Kona nne za mfarishi mmoja zina maua, @Mtanga Ughaibuni. Tulibahatisha, sina hakika kama ndivyo wanavyokunja wao. Umeangukia kwa bibi wa dirishani. Wa kitanda cha pili akautaka huo huo. Mnajua nilichokifanya? Nilitoka nje.

Kugawa hatukugawa sisi. Tuliitandaza yote kwenye majani, kila mtu akachagua wake. Ilichukua asubuhi nzima. Mzee mmoja asiyeona alichagua kwa kupapasa, akapita minne, akashika ule wenye vipande vya kodrai, akasema huu una njia.

Kisha yule mzee aliyekuwa ameupima kwa mkono kama samaki, wake akaukunjua, akajifunika, akasimama, akatembea hatua tatu nao mabegani. Akasema, "Mrefu. Usiku nikienda chooni naenda nao, nitaukanyaga nianguke." Mimi nikaanza kumweleza kwamba kipimo ni khanga. Yule binti wetu wa kutunga sindano akanitazama tu.

Tukakaa barazani pale pale, wawili na wembe, tukafumua mstari wa mwisho, vipande saba, tukarudisha kaniki kwa mkono. Saa moja na nusu. Akaujaribu tena, akaenda hadi mlango wa choo na kurudi.

Ule mstari wa vipande saba nilitaka kurudi nao, lakini mpishi akauomba. Alikuwa anashikia masufuria kwa karatasi za unga.

---

Kijana wa Makorora

Picha sasa?

---

Bi Kidawa wa Ngamiani

Mjukuu yuko madrasa.